Nguzo ya Mama Risper

Miaka ile miwa ilipolipa, kila mkulima aliyepata malipo alikimbilia Kakamega mjini kujenga ghorofa, na Chrispinus Sifuna akagundua kwamba kila ghorofa ina ufa. Aliwahi kubebea mafundi karai kwa miezi miwili, elimu ya kutosha kabisa kujiita injinia. Akanunua kofia ya plastiki, akaenda kutafuta mtu wa kutishwa hadi aachie jengo kwa bei ya kutupa.

Alimpata Mama Risper, mjane mwenye ghorofa ya vyumba sita karibu na soko. Nguzo ya mbele ilikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Sifuna akaigonga kwa nyundo, akafumba macho kama mchungaji anayeombea mgonjwa.

"Mama, chuma ya ndani imeoza. Hii nyumba inaanguka."

"Uwi! Na wapangaji wangu?"

"Kwanza tupime." Akabandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa simiti. "Hii ikivunjika, jua nguzo inatembea."

Jumapili, watu wakiwa kanisani, alirudi kukivunja mwenyewe. Akakuta kimeshavunjika. Mwenye akili angekimbia. Sifuna alidhani ni mpira wa watoto, akamshukuru Mungu.

Jumatatu akabandika ripoti mlangoni, wapangaji wakaanza kufunga mizigo. Mama Risper alilia hadi injinia akakaribia kumhurumia.

"Nitakusaidia, mama. Niachie hili jengo bovu, chukua lori yangu ya miwa."

Lori hiyo, urithi wa babake, ndiyo iliyomlisha, na ndiyo mali pekee aliyoipata kihalali. Wakaandikishana kwa wakili siku hiyo hiyo.

Kesho yake akamleta fundi Barasa azibe ufa, ili atangaze kwamba nguzo imepona. Barasa akagusa kwa patasi, simiti ikamwagika kama unga. Chuma hakikuwamo, kizima wala kilichooza. Mlikuwa na mti wa mkaratusi ulioliwa na mchwa. Barasa akaokota vifaa vyake, akaondoka bila kudai hata nauli.

Sifuna akatoka mbio. Barabarani Mama Risper alikuwa ameketi ndani ya lori, akiwahamisha wapangaji wake kwa malipo, watu aliowalaza ndani ya jengo lile miaka saba bila kuwaambia neno.

"Mama! Hii nyumba inaanguka kweli!"

"Najua, mwanangu. Si nilikuwanga hapo marehemu akiijenga? Wanunuzi wote nimewaambianga iko imara, wakakataa. Wewe peke yako ulisema inaanguka, na bado ukaitaka." Akamgeukia dereva. "Twende, Kibiwott."