Kidonda Chenye Zipu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bwera. Mvua asubuhi, balaa mchana.

Afande ametangaza. Jina lake ni Ojok, mwalimu wetu wa upasuaji. Aliuguza askari miaka ishirini na bado anatuita makuruta. Tuko saba darasani. Sita wataenda Kasese wiki mbili kujifunzia upasuaji kwenye sanamu inayopumua. Inapumua! Mmoja atabaki hapa kukunja mashuka. Mtihani ni Ijumaa: kila mtu alete kipande cha ngozi ya mbuzi alichokipasua na kukishona nyumbani, mishono kumi, halafu amhudumie Mheshimiwa mbele ya wote.

Mheshimiwa ni sanamu yetu ya hapa. Sifongo, dumu na mpira wa maji. Tunamwita hivyo kwa sababu amelala mdomo wazi na hajibu swali la mtu.

Shida zangu ni mbili. Ya kwanza: nimeshamwandikia Mama kule Butembo kwamba nimechaguliwa kwenda Kasese. Mama ameiambia kwaya nzima. Ya pili nakuambia wewe daftari peke yako: nikiona damu, magoti yananiacha. Hata ile ya maji ya rangi ya Mheshimiwa.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi kwa ganda la ndizi. Mishono minne, yote imepinda. Phionah akapita. Huyu ni mwanafunzi mwenzangu kutoka Kyondo, ameshona magunia ya kahawa ya baba yake tangu akiwa na miaka minane. Kwake mishono kumi ni kama kupiga chafya. Akainama, akatazama ganda langu, akauliza darasa zima likisikia: "Achille, hiki ni kidonda ama ni zile kona za barabara ya kupanda Ibanda?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa na jibu kali sana. Limenijia saa kumi na moja jioni, nikiwa chooni.

Mbuzi wa jirani amekula ganda pamoja na uzi. Anaonekana mzima. Namfuatilia.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Misa, majivu usoni, kisha mbio hadi bucha kununua ngozi. Nilipiga hesabu kwamba siku ya kuacha nyama hakutakuwa na foleni. Akili! Na kweli hakukuwa na mtu, isipokuwa mama mmoja wa kwaya ya hapa Bwera aliyekuwa akipita. Akasimama. Akatazama paji la uso wangu. Akatazama kifurushi kinachovuja. Akafanya ishara ya msalaba.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Tantine Laurentine, dada yake baba, ninayekaa kwake, alikuwa mlangoni mikono kiunoni. "Majivu iko bado mubichi ku uso, na weye uko ku bucha! Batu batasema nini?" Nikasema ni ngozi tu, Tantine, ni ya masomo. Akauliza kama ngozi si nyama, ni nini, mboga? Akanikokota hadi kwa katekista. Katekista akainusa ngozi, akasema atamuuliza padri.

Ngozi imelala nje, imepakwa chumvi ya Katwe, ikingoja uamuzi wa Kanisa.

Alhamisi, 6 Machi

Padri amecheka. Ngozi imeruhusiwa kuingia ndani. Mimi nimepewa rozari nzima.

Nikaanza kushona. Mshono wa kwanza, sindano ikaingia kwenye kidole changu. Tone moja. Nikajikuta nimekaa chini, kuku ananitazama.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Tantine anashona mabegi ya shule sokoni Mpondwe. Ana mashine inayopita kwenye ngozi kama kisu kwenye parachichi. Nusu ya watoto wa Bwera wanabebea vitabu katika kazi ya mikono yake. Kwa nini niteseke? Nikampa ngozi, nikamwambia hapo palipopasuka pafungwe vizuri, mishono kumi, na asimwambie mtu. Akauliza kama ni zawadi ya kumpa mwalimu. Nikasema ni kama hivyo.

Jioni amerudi na kifurushi cha gazeti kilichofungwa utepe. Sijafungua. Naiamini mikono yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua mbele ya Afande.

Zipu! Zipu ya shaba, imenyooka, kutoka mwanzo wa kidonda hadi mwisho, na mfuko mdogo pembeni. Afande akaivuta. Ikafunguka. Akaifunga. Akaivuta tena. Phionah akauliza kwa upole kama mfuko ni wa dawa.

Nikasema ni njia mpya. Afande akauliza imetoka jeshi gani. Kisha: "Kuruta! Kwa Mheshimiwa, mbio! Mgonjwa nakufa!" Mpira ukafunguliwa, maji mekundu yakaruka. Nilitakiwa kuita koleo, lile la kubana mshipa, kwa sauti. Nimesoma shule za lugha mbili. Nililiita moyoni kwa Kifaransa, nikaliita moyoni kwa Kiingereza. Kisha magoti. Kisha pembe ya meza.

Nilipozinduka, paji la uso lilikuwa limepasuka pale pale palipokuwa na majivu. Mungu hasahau. Afande alikuwa juu yangu, ganzi ameshachoma, sindano mkononi. Nilifumba jicho moja. La pili likaona.

"Afande, sindano iingie wima! Wima! Na hilo fundo lisikae juu ya kidonda, livute pembeni!"

Sauti yangu hiyo! Phionah anasema ilifika getini. Afande alisimama na sindano hewani. Akasema tangu muhula uanze ameitafuta sauti hii, kumbe ilihitaji kupasuliwa ndipo itoke. Akashona upya. Wima.

Hukumu: nina hadi Jumatatu. Ngozi mpya, mishono ishirini, kwa mkono wangu mwenyewe. Nikishindwa, mashuka.

Wakati wa kutoka, Phionah akaninong'oneza kwamba kesho yuko nyumbani, nije na maganda ya ndizi anionyeshe namna ya kushika uzi. Hakuwa akicheka. Nikasema nitafikiri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwandikia Mama: jana nilikuwa katikati ya upasuaji, nilitoa maelekezo hadi mwisho, mgonjwa yuko salama. Hakuna neno la uongo hapo.

Phionah ametuma ujumbe mara mbili. Sikwenda. Mtu mwenye mishono mitatu usoni anahitaji kupumzika. Ngozi mpya iko kwa Tantine. Safari hii nimekuwa makini: ashone kwa mkono, na zipu hapana kabisa. Amenuna. Amesema kidonda kisichofunguka, munganga atarudi ndani kupitia wapi? Kisha akauliza kama vifungo vinaruhusiwa.

Nimekubali.

Viwili tu. Vidogo.