Uzinduzi wa Gari Lililofunikwa Turubai

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Kamati Ndogo, Mheshimiwa Makamu wake, ambaye amesafiri lakini koti lake limehudhuria na lipo pale kitini, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Miteremko na Ngazi, waheshimiwa wake za waheshimiwa, wapiga picha, wageni mlioalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila ndege zenu zimetua wakati mbaya, itifaki naiona imekaa mstari wa mbele na chupa yake ya maji, kwa hiyo sitaichokoza. Hamjambo? (Hatujambo, hasa walioko kivulini.)

Leo tunazindua Gari la Heshima, la kuwatoa hapa uwanja wa ndege wasafiri wanaotumia viti vya magurudumu na kuwafikisha majumbani mwao bila kubebwa mgongoni kama gunia la mkaa. Na kwa kuwa mlango huu wa wanaowasili una njia moja tu ya mteremko, na kiti cha magurudumu hakina pengine pa kutokea, tuliamua, baada ya vikao na chai ya vikao, utepe wa uzinduzi ufungwe papo hapo, uizibe njia yote, ili walengwa wa mradi wauone kwa karibu kuliko mtu yeyote. Ncha moja iko kwenye nguzo, ncha nyingine kwenye pindo la turubai, na chini ya turubai lile, ndugu zangu, limetulia gari lenyewe. (Makofi. Bibi mmoja, aliyekwama nyuma ya utepe na kiti chake cha magurudumu, gauni jeupe limekunjwa mapajani: "Mwanangu, nifungulie nipite. Anayeolewa mchana huu ni mjukuu wangu, na gauni nimelishona mimi, ndilo hili. Saa hizi kakaa kajifunga taulo.")

Ahsante, bibi, mchango wako tumeupokea na utaingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Taulo ni vazi la muda, na sisi pia tuko katika kipindi cha mpito. (Kicheko.)

Wapo wanaouliza, huyu mheshimiwa mwenye miguu miwili mizima anajua nini kuhusu viti vya magurudumu? Nawajibu kwa unyenyekevu niliopewa tuzo kwa ajili yake, kwamba mimi ofisini nakalia kiti chenye magurudumu matano, nazunguka nacho kushoto, nazunguka nacho kulia, na siku moja kilinipeleka hadi dirishani bila idhini yangu, kwa hiyo machungu nayajua. (Mtu nyuma: "Pole, mzee.") Ahsante. Hatukuishia hapo. Tulituma ujumbe nchi za nje kwenda kujifunza miteremko, maofisa kumi na tisa pamoja na mlengwa mmoja anayetumia kiti, ila yule mlengwa kwa bahati mbaya aliachwa na ndege, kwa sababu hakukuwa na gari la kumleta uwanjani, jambo ambalo lilithibitisha kitaalamu kwamba mradi unahitajika. (Makofi marefu.) Utafiti wetu wa pailoti, yaani wa majaribio, umeonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya abiria tuliowauliza wameridhika, na wale ambao hatukuwauliza hawajalalamika hata mmoja.

(Dereva teksi, chini ya mteremko, mlango wa gari keshaufungua: "Bibi, teksi hii hapa. Teremka, kiti nitakikunja mwenyewe nikitie kwenye buti.")

Dereva, usituharibie impakti, yaani matokeo ya mradi. Teksi yako haina lifti ya kupandishia kiti. ("Nina mikono, mzee.") Mikono haimo kwenye mpango mkakati. ("Na hiyo lifti yako je, mwanangu, mbona hatuioni?" Ni bibi.) Iko chini ya turubai, bibi, inapumzika. Lifti ya haidroliki ni kitu cha aibu, haitaki kutazamwatazamwa kabla ya wakati wake. Nivumilie kurasa chache tu, na mkasi wenyewe unakuja, uko njiani, nimemtuma dereva wangu akauazime. ("Mkasi? Mimi nimekata nyuzi miaka yote hii kwa meno, mkasi nikiuweka wa kutishia wateja.") Bibi, meno hayatambuliki kisheria. Bibi. Ofisa usalama, mwangalie bibi. (Bibi ameung'ata utepe. Umekatika. Vigelegele.)

Waheshimiwa, tukio hilo lilikuwa kwenye ratiba. (Kiti kinateremka, bibi kakumbatia gauni. Ncha ya utepe imejiviringisha kwenye gurudumu, inavuta turubai. Turubai linafuata, taratibu, kama mkia wa gauni la harusi. Chini yake: meza za kantini zimepandishwa juu ya meza, na ndoo nne mahali pa matairi. Dereva teksi: "Tulia bibi, nikufungue utepe. Haya, shika shingo yangu. Twende zetu, mtoto asije akaolewa na taulo." Teksi inaondoka ikipiga honi.)

Kama mnavyojionea, abiria wa kwanza wa mradi ameshasafirishwa, ndani ya muda, na gauni lake. Asilimia mia moja. Nikisema magurudumu, semeni yazunguke. Magurudumu! (Yamekwenda!) Heshima kwanza! (Gari baadaye!)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi seremala aliyetupangia meza zikafanana na gari kwa mbali. Namshukuru mama wa kantini, ambaye meza zake ndizo zimekuwa mradi wetu tangu siku tulipokabidhiwa, na ambaye kutoka pale mlangoni ananionyesha mwiko, nadhani anazitaka kabla ya chakula cha mchana. Mliokaa naomba msimame, viti pia ni vyake. Koti la Makamu likabidhiwe kwa mwenyewe. Na yeyote anayekwenda mjini, naomba lifti, ya kawaida tu, maana gari langu limefuata mkasi na halijarudi, na ile teksi, kwa kadiri ninavyoiona kutoka hapa, imeshakata kona.