Ndege wa Ukurasa wa Tisa

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Mulgarra na vitongoji vyake kwamba, kuanzia tarehe mosi Machi 1874, hakuna ndege atakayehesabiwa kuwa yupo katika koloni hili kabla ya kuidhinishwa na Kamati ya Kudumu ya Uandikishaji wa Ndege. Ndege wanaoruka bila idhini wanapewa siku tisini za kujirekebisha.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Kamati, na sioni haya kusema kwamba lilikuwa zuri. Kabla yake mambo yalikwenda holela. Mtu yeyote mwenye bunduki aliweza kuingia msituni, akarudi na ndege asiyejulikana, akajiita mtaalamu. Wenyeji wa milima ya Mulgarra walikuwa na jina la kila ndege tangu enzi na enzi, lakini Kamati ilikubaliana kwamba jina lisilopitia ofisini ni uvumi tu.

Mwenyekiti wetu alikuwa Sir Lucius Pomfrey, mwenye kondoo elfu arobaini. Elimu yake ya ndege aliipatia hasa mezani.

Wa kwanza kuleta ombi alikuwa Jabez Trembath, fundi wa matandiko ya farasi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikusanya ndege: anawachuna, anaipaka ngozi sumu isiliwe na wadudu, anaijaza pamba, kisha anafunga kikaratasi mguuni chenye mahali na tarehe. Mkewe, Bi Honor, alivumilia. Ndege walilala ndani ya debe la unga, na mkebe wa sumu ulikaa jirani na chumvi. Mtaani walisema ukialikwa chakula kwa Trembath, aga kabisa nyumbani.

Ndege aliyetuletea alikuwa mdogo, wa kahawia, mwenye doa jeupe kooni. Sir Lucius alimgeuza chali.

"Huyu analiwa?"

"Mheshimiwa, hajazi hata kijiko."

"Sasa umeniletea wa nini?"

"Naomba apewe jina la mke wangu. Yeye ndiye aliyemsikia kwanza, kule kisimani." Trembath alikuwa akiikunjakunja kofia yake. "Hatukujaaliwa mtoto, Mheshimiwa. Tukifa, jina lake linaishia kwenye jiwe la kaburi. Nimemwahidi mke wangu kwamba huyu ndege atalibeba."

Nikanywa maji, nikaendelea kuandika kumbukumbu za kikao.

Kanuni ya Tatu iko wazi: fundi hawezi kugundua ndege, anaweza kukutana naye tu. Kugundua ni kazi ya Mwenyekiti. Kwa hiyo Kamati iliridhika kwamba tarehe tatu Mei Trembath alikutana na ndege ambaye Sir Lucius, siku hiyohiyo, alikuwa amemgundua. Sir Lucius akakubali, kwa unyenyekevu uliotugusa sote, ndege aitwe kwa jina lake.

"Lakini siku hiyo Mheshimiwa alikuwa wapi?" Trembath akauliza.

"Alikuwa anagundua," nikamjibu.

Kesho yake alikuja Bi Honor mwenyewe. Alisema mumewe hali wala halali, anakaa tu akitazama ukuta. Nikamwambia asisikitike, utaratibu umefuatwa.

"Mimi hilo jina sikuliomba, Bwana Katibu," akasema. "Ila yule mwanamume tangu anioe hajawahi kuniahidi kitu kingine."

Nikamfungulia mlango.

Ikaja Kanuni ya Nne. Kila ombi lililokataliwa huchapishwa neno kwa neno katika Gazeti Rasmi, ukurasa wa tisa, ili mwombaji aone aibu mbele ya majirani. Ombi la Trembath likachapishwa lote, unyoya kwa unyoya, pamoja na jina alilomwombea ndege, na chini yake neno LIMEKATALIWA. Wiki mbili baadaye ukatoka ugunduzi wa Sir Lucius, ukurasa wa kwanza, na picha yake akiwa ameweka mkono kiunoni. Nikafunga ndege na magazeti yote mawili katika kifurushi, nikakituma London kwa wataalamu wanaotunza majina ya ndege.

Jibu lilichukua miezi saba. Lilifika siku Sir Lucius alipokuwa na wageni sitini na kondoo wa kuoka, naye akaniamuru nilisome kwa sauti.

Nikasoma. Wataalamu waliipongeza Kamati. Walieleza kwamba, kwa desturi ya watu wa ndege, jina la kwanza kuchapishwa pamoja na maelezo ya ndege ndilo jina lake, awe amelichapisha nani na kwa nia yoyote. La kwanza lilikuwa la ukurasa wa tisa. Ndege ni wa Honor, milele. Jina la Pomfrey, lililochelewa, limeingizwa katika orodha ya majina yaliyokufa, na ndege yeyote wa jamii hiyo haruhusiwi kupewa jina hilo tena.

Mgeni mmoja alipaliwa na mchuzi.

"Ufute ule ukurasa," Sir Lucius akaniambia.

Nikamweleza kwa heshima kwamba kilichochapishwa hakifutwi bila ombi. Akajaza fomu. Fomu hiyo, ambayo yeye mwenyewe aliidhinisha itumike ili kuwatisha mafundi, humtaka mwombaji aseme kwa kiapo alikuwa wapi siku ndege alipogunduliwa, na anayedanganya hufungwa jela miezi sita. Alikaa na kalamu karibu saa nzima. Kamati nayo, kwa kuwa haiwezi kuwapinga London, ikalikataa ombi lake kwa kauli moja.

Basi likachapishwa, neno kwa neno, ukurasa wa tisa: kwamba tarehe tatu Mei mwombaji alikuwa kitandani kwa ugonjwa wa jongo, mguu ndani ya beseni la maji moto, na kwamba hajawahi kumwona ndege huyo akiwa hai. Nilisimamia uchapaji mwenyewe, kuhakikisha hakuna herufi hata moja iliyofifia.