Mlango Niliojijengea Umenifungia Nje

Leo nimefungiwa nje ya kompyuta yangu mwenyewe, mbele ya watu niliowaita waje kunishangaa.

Mnajua walivyosema niliporudi Garsen na diploma yangu ya kompyuta. Shemeji yangu Jilo alisema simu zenyewe zinakufa mvua ikinyesha, sasa nitaunganisha nini, miti? Nikatafuta programu ya bure, ya zile zinazotolewa pamoja na mapishi yake yote, yaani msimbo wake, nikaipika mwenyewe, kosa baada ya kosa, hadi ikakubali. (Bila mwalimu. Semeni lolote.)

Kazi yake ni ya mshenga. Anayetaka kutumia laini yangu ya intaneti humpa jina na neno la siri, naye huyapeleka kwenye kompyuta kuu Mombasa, kisha huleta jibu: aingie au asiingie. Lakini mimi simwamini mtu. Bi Hadija wa duka la jirani ananisalimia mno siku hizi. Anataka nini? Kwa hiyo nikamwagiza mshenga: atakayesita kuandika neno la siri, mfukuze. Akisita mara tatu ni mwizi. Piga kengele, mfungie, asifunguliwe ila na Komora.

Komora nilisoma naye, ndiye mlinzi wa ile kompyuta ya Mombasa. Nikamwonya: "Usimfungulie mtu kwa simu. Hata akiwa na sauti yangu."

Asubuhi akaja Mzee Guyo, mwenyekiti wa wauza ng'ombe, na wazee wenzake wawili. Wanataka kutuma bei zao Mombasa bila madalali kuzinusa. Nikipata kazi hiyo, Jilo atafunga mdomo. Jilo nilimwita makusudi. Bi Hadija hakuitwa, akaja na kiti chake.

Nikaandika jina langu. Vidole vikaelekea kwenye neno la siri.

"Nyumba iko salama?" akaanza Mzee Guyo.

Wazee hawa ni Waorma, na salamu yao haijibiwi kwa mgongo. Nikageuka.

"Salama, mzee."

"Mama iko mzima?"

"Mzima."

"Ng'ombe?"

(Sina ng'ombe.) "Wazima."

"Malisho? Mvua? Mto?"

Kurudi kwenye skrini, nimefukuzwa! Nikaandika jina tena. Mzee wa pili naye alikuwa hajasalimia. Nikafukuzwa. Mara ya tatu, mzee wa tatu, tena huyu aliijua familia yetu yote, mmoja mmoja.

Kengele ikalia. Skrini ikajaa herufi kubwa nilizozichagua mwenyewe: MWIZI, NIMEKUONA!

"Mwizi iko wapi?" Mzee Guyo akashika fimbo.

"Si huyo hapo aliyekalia kiti," akasema Jilo.

Nikampigia Komora. "Ni mimi, nifungulie!"

"Ndivyo mwizi angesema."

"Komora, huijui sauti yangu?"

"Naijua sana. Ndiyo niliyoonywa juu yake." Akakata.

Mzee Guyo alicheka mpaka akafuta machozi. "Boma hii iko mzuri. Hata mwenyewe hapana ingia, dalali itapita wapi? Kazi tunakupa. Lakini kwanza, ingia."

Nikakimbilia basi la Mombasa. (Bi Hadija ndiye anayelinda ofisi. Sikuwa na mwingine.) Nawaandikia nikiwa mezani kwa Komora, naye anakigeuza kitambulisho changu kwenye mwanga. Anasema pua hailingani na ya kwenye picha.

Tafadhali msicheke. Atakayeshindwa kujizuia aandike kwanza jina lake na neno la siri, na asisite.