Undugu Usiotambuliwa na Kamati

Kwa heshima na taadhima, wananchi wa Bukoba na Muleba walitangaziwa kuundwa kwa Kamati ya Uhakiki wa Undugu Katika Filamu, chombo ambacho walikuwa wakikihitaji siku zote bila kujua. Mwenyekiti wake, Bwana Kahangwa, aliupokea uteuzi kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha kushona suti.

Kazi ya kwanza ilikuwa filamu ya Yasmin, mwongozaji binti wa mtaa wa Kashai, iliyotokana na riwaya. Ndani yake wajane wawili wa mume mmoja, Salma na Maulida, wanakataa kutengana baada ya msiba. Salma, mwenye miaka sitini, anapendana na mvuvi wa kisiwani ambaye kwa umri angetosha kuwa mwanawe, na Maulida anampokea mvuvi huyo kama mdogo wake. Wote wanaishi nyumba moja kwa raha zao. Kahangwa hakuwa na neno na mapenzi. Kilichomkera ni watu kufurahi bila utaratibu.

"Huyu Maulida ni nani kwa mvuvi?" aliuliza walipokutana Nshamba, filamu ilikokuwa ikipigwa.

"Ni dada yake, Mheshimiwa. Wamechaguana." Yasmin aliharakisha kujibu. Bila kibali cha kamati, wapiga picha wangeondoka Ijumaa na filamu ingekufa.

"Wanaochaguliwa ni wabunge. Undugu ni wa damu, wa ndoa, au wa maelekezo ya kamati."

Mzee Kyaruzi, mwenye kibanja cha migomba walichokuwa wakipigia picha, alikohoa. "Waitu, Mwenyekiti wetu, na omukago je, undugu wa kuchanjiana? Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Kila mmoja anapaka punje damu yake, mwenzake anaimeza. Mmeshakuwa ndugu. Babu zetu hawakuomba kibali."

"Imani potofu," alisema Kahangwa, na kwa kuwa kiongozi huongoza kwa mfano, akaamua kuithibitisha hapo hapo. Akamwita Limbu, aliyeigiza kama mvuvi, ambaye nyumbani kwao visiwani alikuwa mvuvi kweli. Wakachanja vidole, wakapaka punje, wakameza.

Kahangwa akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mnaona? Hakuna kilichotokea. Ombi limekataliwa."

"Kaka," alisema Limbu kwa masikitiko, "unanikana mchana kweupe?"

"Anayemkana ndugu wa omukago, punje humvimbia tumboni," alisema Mzee Kyaruzi. "Mimi nasema tu."

Watu wote, kwa adabu zote, wakageukia tumbo la Mwenyekiti. Lilikuwa tumbo la utumishi, lililojengwa na vikao vyenye chakula, ila sasa lilikuwa limepata maelezo mapya. Sokoni akapewa pole. Bodaboda wa Kashai akamwomba nauli ya watu wawili. Wajumbe wake wakapendekeza iundwe kamati ndogo ya kulifuatilia tumbo hilo.

Ijumaa, wapiga picha wakifunga mizigo, Kahangwa alirudi Nshamba akasaini kibali, akitaja sababu za kifamilia. Yasmin alilia kwa furaha. Limbu akamkumbatia kaka yake mbele za watu, na Kahangwa, ingawa jambo hilo halikuwa kwenye ajenda, alijisikia vizuri.

Tatizo ni kwamba kitambi hakikupungua. Watu wakaanza kuulizana ni ndugu gani mwingine aliyemkana. Wa kwanza kuja ofisini kuuliza alikuwa mama yake mzazi, kutoka Kimwani, ambaye tangu mwanawe ateuliwe alikuwa akimsikia redioni tu.