Kitufe cha Kataa Kilichoua Mchezo wa Sanduku

Woolwich, London
Jumatano, 14 Julai 2004

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Michezo ya Zambarau,
Southall.

Baba Hemant, shikamoo.

Kabla sijalalamika, naomba nikuungamie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Tangu nizaliwe sijawahi kumwambia mtu mzima hapana. Kanisani wananisifu kwamba nina adabu, na akina mama wananitolea mfano kwa binti zao. Si adabu, Baba Hemant. Ni woga. Nikijaribu kukataa, ulimi unakuwa mzito na kichwa kinaitikia chenyewe. Nakueleza hili mapema ili ujue kwamba msichana wa namna hii hakai chini kuandika barua ya malalamiko ila amefikishwa pabaya.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe ni mzaliwa wa Mwanza na mimi nimesoma shule ya msingi Kigoma, na kwa sababu mwanao Hemant, ambaye nitamtaja sana, Kiswahili anakisikia kidogo lakini hawezi kukisoma.

Malalamiko yangu yanahusu kifo cha Sanduku, mchezo wetu wa kupanga vitu, uliokuwa utoke kwenye kile kifaa cha michezo cha mkononi ambacho kila mtoto wa London anacho mfukoni. Mliuaga wiki iliyopita, kwa keki. Nasikia Ijumaa kompyuta zote zitasafishwa na mchezo utapotea kabisa. Naomba usiruhusu jambo hilo kabla hujasoma yafuatayo.

1. Kwamba mmesahau mchezo ulikotoka. Ulipokuja sokoni Woolwich kununua mihogo kwenye meza ya Mama, ulimwambia, "Nipe huyu binti yako mkimya aje anijaribie michezo baada ya shule, wangu wote wanapiga kelele." Nikaja. Siku uliyotaka kila kijana alete wazo la mchezo, wenzangu walisema, mimi nikachora. Nilichora sanduku la mtu anayesafiri kwenda nyumbani. Vitu vinakuja kimoja kimoja, kila kimoja na umbo lake, viatu, sabuni, blenda, na ni lazima vienee bila uzito kupita kiasi. Ukidhani umemaliza, kengele ya mlango inalia: ni mama fulani na kifurushi cha kupelekewa dada yake. Huwezi kumkataa. Unapangua, unapanga upya. Kengele inalia tena. Ulicheka mpaka ukavua miwani. Ukatusimulia jinsi Mama Hemant alivyowahi kubebeshwa jiwe la kusagia la mtu, kutoka Heathrow mpaka Mwanza, mji ambao mawe yamejaa mpaka ziwani.

2. Kwamba Hemant aliuboresha. Kwanza alisema watoto wa Uingereza hawajui sanduku ni nini, kwa hiyo likawa kasha la maharamia. (Sijui watoto hao wakisafiri hubeba nguo zao mdomoni.) Kasha likawa friji, na friji likawa chombo cha angani. Yule mama wa kifurushi, niliyemchora na kitenge chake na mkoba wake, akawa haramia, kisha roboti, mwishowe pengwini. Dada Reshma, mchoraji wetu, alimchora upya kila mara kama alivyoagizwa, ila yule pengwini alimpa uso wa Hemant, na Hemant hakugundua. Nilimtazama sana pengwini huyo nikajiuliza ana dada gani huko kwenye barafu anayesubiri blenda.

3. Kwamba mlimwita mshauri. Alikuja bwana mwenye viatu vya ncha, akacheza kidogo huku anakunywa chai, akauliza kwa nini mchezaji alazimike kupokea kila kifurushi. Hemant akadakia, "Si akatae tu?" Chumba kizima kikaona hiyo ni hekima. Mimi nilitaka kusema, lakini ulimi wangu nimekwisha kukueleza. Nikakutazama wewe, kwa maana wewe unajua. Siku hiyohiyo chini ya meza yako kulikuwa na kifurushi cha mtu, kimezungushiwa utepe wa gundi pande zote na kuandikwa MWANZA kwa wino mwekundu. Ulikisukuma ndani zaidi kwa mguu, ukasema, "Jaribuni."

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kitufe cha Kataa.

4. Kwamba kitufe hicho ni upuuzi. Watoto mliowaleta kujaribu walibonyeza Kataa, Kataa, Kataa, na kila pengwini akageuka akaenda zake. Hakununa. Hakuuliza mama yako anaendeleaje. Hakusema, "Haya, nimeshajua kwenu mimi si mtu." Chombo kikafungwa nusu tupu, na mchezo ukaisha kabla chai ya mshauri haijapoa. Kisha mshauri yuleyule akaandika kwamba mchezo ni mwepesi mno na hauna kitu cha kumfanya mtu arudi. Ni kama mtu ang'oe magoli uwanjani halafu aandike kwamba wachezaji hawajui kufunga. Kampuni iliyokuwa itutolee mchezo madukani ikasoma maandishi yake, ikajitoa.

5. Kwamba keki ya kuuaga mchezo ilikuwa na umbo la pengwini. Hemant alihutubia, akasema soko halikuwa tayari. Soko lipi? Aje soko la Woolwich, asimame kwenye meza ya Mama, atangaze kwamba anasafiri. Atarudi Southall amebeba mizigo ya mtaa mzima. Na keki hiyo nilikula vipande viwili, kwa sababu nilikaribishwa mara mbili.

6. Kwamba kwangu haya si mchezo. Jumamosi nasafiri kwenda Kigoma kumwona Bibi, mara ya kwanza tangu tuhamie huku. Mwezi wa saba upepo wa ziwa ni mkali, na Bibi ana kifua. Nimemnunulia koti la sufu. Haliingii. Sanduku limejaa blenda ya watu, viatu vya watu, na mapazia ya harusi ya watu nisiowajua. Vyangu ni mswaki na kanga. Nimepanga na kupangua kama nilivyochora mwenyewe, na koti la Bibi bado liko kitandani. Kwa mtu kama mimi, Sanduku ulikuwa mchezo pekee duniani uliotoa alama kwa kazi hii. Ninyi mkampa alama anayekataa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mchezo usifutwe na kitufe cha Kataa king'olewe. Naomba pia Hemant apelekwe Mwanza kwa ndege ya kubadilisha njiani, amebeba vifurushi vya watu, na asiguse mchezo mwingine mpaka afikishe kila kimoja mkononi mwa mwenyewe na kunywa chai katika kila nyumba. Mshauri naye aletwe kwetu, asimamishwe mlangoni, Mama Euphrasie wa kanisani kwetu abishe hodi na kifurushi chake kifuani, na bwana huyo amwambie hapana huku akimtazama machoni. Akiweza, nitaomba radhi kwa maandishi. Mwisho, serikali ipige marufuku kitufe hicho katika kila mchezo wa watoto, kwa kuwa binadamu aliyelelewa vizuri hana kitufe cha namna hiyo mwilini, na kumwonyesha mtoto kwamba kipo ni kumdanganya.

Nisalimie Mama Hemant na Dada Reshma. Hemant naye msalimie, lakini kidogo. Mama anakusalimu, anasema mihogo mizuri imeingia.

Wako mtiifu kupita kiasi,

Noëlla

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, kengele ya mlango ililia. Mama yuko sokoni. Alikuwa Mama Euphrasie mwenyewe, amekumbatia sufuria ya presha ya mdogo wake aliyeko Ujiji, ameifunga kwa shuka. "Ni kadogo tu, binti yangu, utakabeba hata mkononi." Nilifungua kinywa niitikie, na nilichosikia kikitoka ni, "Hapana, Mama Euphrasie. Hakuna nafasi." Alinitazama kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Kisha akasema, "Haya," akashuka ngazi na sufuria yake.

Nilirudi chumbani, nikatoa blenda, nikaweka koti la Bibi. Sanduku likafunga. Blenda nitairudisha kesho kwa mwenyewe, maneno ya kusema ninayo sasa.

Baba Hemant, ni tamu mno. Kitufe kiacheni. Kifanyeni kikubwa zaidi, kiwe chekundu. Hemant asiende popote. Na kile kifurushi cha chini ya meza yako, kama ulifikiria kunipa nikiache Dar nikipita, jibu ni lilelile.

Ila tafadhali, ukija kununua mihogo, Mama asijue lolote. Bado anadhani nina adabu.