Ndege ya Palma Ipunguzwe Mwendo

Palma, Februari 2012

Ndugu Mhariri unayetusoma kutoka mbali,

Pokea salamu za Palma, ambako gesi imeshaonekana na barabara bado inatafutwa. Naandika kuilalamikia ndege ndogo ya kampuni ya gesi, iendayo kati ya Pemba, mji mkuu wa jimbo letu (si kile kisiwa), na hapa. Kosa lake ni kasi.

1. Mwezi uliopita ofisa uhusiano wa kampuni, senhor Jerónimo, alitutangazia mkutanoni kwamba Pemba sasa ni jirani: kilomita mia mbili na hamsini za angani, chini ya saa moja. Tulipiga makofi. Kosa letu sisi ni kumsadiki.

2. Alhamisi alfajiri simu ilituarifu kuwa Mzee Bacar amefariki hospitalini Pemba. Mjane wake, Bi Mwanaamina, alitaka jambo moja tu: mumewe azikwe siku ileile, kama ilivyo desturi. Mudi, mchimba kaburi wetu, akapiga hesabu kwa dakika za senhor Jerónimo. Kabla ya adhuhuri kaburi lilikuwa tayari.

3. Nilipoomba ndege imlete marehemu, senhor Jerónimo alinieleza, kwa adabu sana, kwamba ndege huchukua watu wa kazi tu, waliohudhuria mafunzo ya usalama. Viti vilikuwepo. Lakini nakiri kwamba marehemu hakuhudhuria mafunzo, na hata mkanda asingeweza kujifunga mwenyewe.

4. Basi akapakiwa kwenye chapa, lori dogo la abiria, likanasa topeni mara kadhaa, hata kabla ya kijiji cha Awasse, katikati ya njia. Huku kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi peke yake, kwa hiyo wanaume wakaketi kulilinda, mvua ikilijaza. Zena, jirani wa marehemu, akamuuliza shemeji yake Mudi kwa nini asiingie yeye, shimo lisije likalala na njaa. Mudi akasema naye hajapata mafunzo ya usalama. Bi Mwanaamina, aliposimuliwa, hakucheka. Mumewe alifika kesho yake alasiri.

5. Kwa hiyo Pemba ziko mbili, ya kampuni na ya kwetu, na jambo hili linavuruga maziko. Naomba iwe moja. Ndege ikitoka Pemba izunguke juu ya ghuba yetu ya Tungue mpaka chapa ya asubuhi ileile iwasili. Ikishindikana, itue Awasse, wahandisi washuke, wakunje suruali na kuisukuma chapa. Na kama mafuta ni ghali, isiruke kabisa: ije kwa barabara. Hapo senhor Jerónimo atatangaza umbali, nasi tutachimba kwa hesabu sahihi.

Nisalimie wote wa chumba cha habari, wapiga chapa, na hata wanaotukata aya zetu. Senhor Jerónimo naye ni mzima, anawasalimu.

Wako aliye karibu kwa ndege,
Issufo Chaquir, mwandishi wenu wa Palma

Tanbihi: Nimemsomea Bi Mwanaamina barua hii, akaniambia niichane. Anasema kila gari liliponasa watu walitoka vijijini kulisukuma, wakamwombea marehemu dua, na wengi wakapanda kuja kuzika. Makaburini hapakuwa na pa kukanyaga. Kwa ndege, anasema, mumewe angezikwa na Mudi na mimi. Basi nayafuta malalamiko yote, kasi na ibaki palepale. Bi Mwanaamina anawaombea tu abiria wa ndege ile wasije wakafia Pemba, kwani watafika mapema mno, kabla ya watu wa kuwazika.